"Mtayarishaji" wa Rekodi ni Nani?

Katika studio za muziki mjini Bukoba, kama ilivyo katika zile za Dar es Salaam, neno mtayarishaji limekwisha kutwishwa mzigo kuliko uwezo wake. Mtayarishaji ndiye atungaye mdundo kwa kompyuta. Ndiye awekaye maikrofoni na kurekodi sauti. Ndiye achanganyaye sauti hizo hata wimbo ukakamilika. Kwa kuwa kazi zote hufanywa na kijana mmoja katika chumba kimoja, si ajabu kwamba watu wamempa jina moja. Lakini wepesi huo una gharama, na wanaoilipa ni waimbaji.

Tuchukue mfano wa kwaya ya usharika mmoja wa Muleba. Wanakwaya huchanga fedha, hukodi gari hadi Bukoba, hulipia kila wimbo, kisha hutia saini karatasi inayomtaja mwenye studio kuwa "mtayarishaji wa rekodi". Wao hudhani wamemtaja fundi. Katika lugha ya sheria, hata hivyo, wametaja jambo jingine kabisa. Mkataba wa WIPO wa mwaka 1996 kuhusu maonyesho na rekodi za sauti unamtambua mtayarishaji wa rekodi kuwa ni mtu au chombo kilichoanzisha shughuli ya kurekodi na chenye dhamana nayo; na haki zake hulindwa kwa muda usiopungua miaka 50. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, nayo inazitambua haki za watayarishaji wa rekodi mbali na zile za watunzi na waimbaji. Kwa kipimo cha Mkataba huo, anayestahili kuitwa mtayarishaji ni kwaya iliyoanzisha kazi na kuigharimia, wala si fundi aliyekwisha kupokea ujira wake.

Watasema baadhi ya wasomaji kwamba mafundi wenyewe hupenda kuitwa prodyuza, na kwamba neno hilo linatosha. La hasha. Prodyuza amerithi utata ule ule, ila amevaa nguo ya kigeni.

Wahaya hawana tatizo hili katika ngoma zao. Apigaye enanga huitwa omuteezi, yaani mpigaji. Jina hilo hapewi aliyechonga ubao wala mwenye nyumba ambamo tendi huimbwa. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Redio ilimzoea fundi mitambo tangu zamani, na kutokana naye twaweza kupata fundi sauti kwa yule arekodiye na kuchanganya. Atungaye mdundo na aitwe mtunzi wa mdundo, kwani anapoutia chini ya sauti ya enanga huwa ametunga kitu, na utunzi una haki yake pia. Mtayarishaji abaki kuwa yule aliyeanzisha kazi na kuibebea dhamana.

(Kipaza sauti nacho kinahitaji kutazamwa: studioni hukiita hivyo chombo kinachopokea sauti, na mnarani hukiita hivyo kile kinachoitoa!)

Itakapotokea mtu mmoja anafanya kazi zote tatu, na atajwe mara tatu katika karatasi, kila kazi na malipo yake mbele yake, kabla kwaya haijashika kalamu.