Asante, Mhariri

Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Mwanafunzi mmoja wa pale, siku hizo akiitwa James Ngugi, alimwendea Chinua Achebe na mswada wake. Achebe tayari alikuwa na jina. Riwaya yake, Things Fall Apart, ilitoka 1958. Angeweza kusema hana nafasi, na nani angemlaumu? Aliusoma, akautolea maoni, kisha akaufikisha kwa wachapishaji wa Heinemann. Weep Not, Child ikatoka 1964, nasi tukampata Ngugi wa Thiong'o. Kwa miaka 10 Achebe alikuwa mhariri mshauri wa mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, bila mshahara.

Kwa hiyo nawapongeza wahariri wote wanaoifanya kazi hii kwa moyo huo. Mhariri wa kweli hakupi hongera ya juujuu ukaenda zako. Anapiga mstari chini ya sentensi na kuuliza: mhusika huyu katokea wapi? Sura hii ina kazi gani? Mwandishi anaumia, hata analala na hasira. Lakini ni mhariri huyohuyo atakayempigia simu kumuuliza amefika wapi, na kumtetea mbele ya mchapishaji anayesitasita. Kukosoa bila kuondoka: hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi.

Jina la mhariri halimo jaladani. Waandishi wenzangu, mnapoandika ukurasa wa shukrani, mtajeni.