Tamthilia ya anga, aandike nani?

Mvua ya Tukuyu imenifungia ndani, nikarudia Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Kama angekuwa hai (alifariki 2004), ningempa yeye aandike tamthilia ya kisayansi ya tivii. Dzombo anarushwa angani kama adhabu ya kifo, lakini Mkangi hahangaiki na vyuma; anataka kujua mfungwa akinusurika atafikia kwa watu gani. Shida, hotuba za huko Walenisi ni ndefu mno, mtazamaji angeshahamisha chaneli. Hapo ningemwita Wanuri Kahiu: kwenye Pumzi (2009) watu wanachuja jasho lao wanywe, maneno machache sana.

Kwa hiyo jamani, mkija kupiga picha Ziwa Ngosi, fundi wa roketi mwacheni kwanza. Mleteni anayejua bei ya majani ya chai ikishuka, mezani Rungwe nani hunyamaza.