Rejeta Kwanza, Tabo Baadaye

Mwenye pikapu akifika kwenye gereji bubu ya Nachingwea na kusema anataka gari lake liongezwe nguvu, fundi mzuri hamjibu mara moja. Anafungua boneti, analegeza klipu za kopo la filta ya hewa, anaitoa filta na kuiweka kando. Kisha anaviringisha kitambaa cheupe kwenye kidole na kukipitisha ndani ya hozi inayopeleka hewa kwenye injini. Kitambaa kikitoka cheupe, mazungumzo yanaendelea. Kikitoka chekundu, habari ya kuongeza nguvu imeishia hapo kwa siku hiyo. Maana yake vumbi la barabara ya Ruangwa limekuwa likipenya pembeni mwa filta, na kila lililopenya limesaga ringi na kuta za silinda. Huyo mteja hahitaji nguvu mpya, anahitaji kwanza kujua ya zamani imekwenda wapi.

Nimewaangalia mafundi wa aina hii kwa muda mrefu, chini ya mikorosho na nyuma ya nyumba zao, na kinachonivutia si yale wanayoyafunga kwenye gari bali yale wanayoyakataa. Kijana aliyetoka Dar es Salaam na simu yenye video za magari atafunga taa kumi, matairi mapana na ekzosi inayonguruma, na gari litachemsha kabla halijafika Nanganga. Fundi wa Nachingwea anaanza na vitu ambavyo hakuna atakayevipiga picha.

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Hilux ya miaka ya 1988 hadi 1997, ile ambayo mafundi huiita kwa namba ya chasisi, LN106. Mbele na nyuma ina springi za majani na ekseli nzima, na chini ya boneti mna injini ya dizeli ya silinda nne isiyo na kompyuta hata moja. Ukisikia mafundi wakitaja 2L, 3L na 5L, wanazungumzia ndugu wa tumbo moja: ya kwanza ina sentimita za ujazo 2,446, ya pili 2,779, ya tatu 2,986. Kwa kuwa zinafanana kwa umbo, pikapu iliyozaliwa na 2L inaweza kuvishwa 3L au 5L bila kukatakata chasisi, na huo ndio uboreshaji mkubwa unaofanyika nyumbani kwa akili timamu. Giaboksi inakubali, mikono ya injini inakubali, na nguvu inayoongezeka ni ile ambayo kiwanda chenyewe kiliipima.

Lakini mteja anataka tabo. Ameiona kwenye Hilux mpya za miradi zikimpita kwenye mlima huku yeye na magunia yake ya mbaazi akiwa gia ya pili.

"Mzee wangu, tabo tutaifunga," fundi mmoja alimwambia mteja wake nikiwa nimekaa pembeni. "Ila tuanze na rejeta."

"Rejeta haina shida, fundi. Inavuja kidogo tu."

"Basi tuanze na hicho kidogo."

Fundi hakuwa anatafuta kazi ya ziada. Tabo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili dizeli nyingi zaidi iungue, na dizeli nyingi ni joto jingi. Injini hizi za L zina chumba kidogo cha kuwashia ndani ya hedi, na joto lote hilo linaanzia humo. Toyota wenyewe waliwahi kuifunga tabo 2L wakaiita 2L-T, na duniani kote mafundi wanaijua kwa hedi zake zinazopasuka. Kama kiwanda kilipata taabu hiyo kikiwa na maabara, mtu mwenye rejeta iliyozibwa kwa sabuni anatarajia nini? Kwa hiyo fundi anashusha rejeta, anaangalia safu za mirija zilizoziba kwa kutu na tope, anapeleka ya shaba ikafunguliwe vichwa, ikasafishwe na kuchomelewa upya kwa risasi. Anakagua feni na klachi yake. Themostati anairudisha mahali pake, ingawa mwenye gari aliitoa zamani akiamini gari litapoa. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake inakula mafuta na kujisaga yenyewe, na kuitoa themostati ni kuficha ugonjwa wa rejeta tu.

Baada ya hapo ndipo inapokuja kazi ninayoipenda kuliko zote, kupima vali. Fundi humwomba mwenye gari alilaze hapo usiku kucha, kwa sababu vipimo hivi vinachukuliwa injini ikiwa baridi kabisa. Asubuhi anafungua kifuniko cha juu, anaweka spana kwenye bolti ya puli na kuizungusha kranki kwa mkono, taratibu, hadi pembe ya kamshafti ielekee juu. Hapo anapitisha ulimi wa fila geji kati ya kamshafti na kisahani kilicho juu ya vali. Kwenye vali za kuingiza hewa anatafuta milimita 0.20 hadi 0.30, kwenye za kutoa moshi 0.40 hadi 0.50. Ulimi ukipita kwa ukinzani mdogo, kama unavyovuta karatasi kutoka katikati ya kitabu kizito, vali hiyo iko sawa. Ukigoma, nafasi imekwisha, na vali inayokosa nafasi haifungi vizuri, inaungua ukingo na kupoteza mgandamizo.

Hakuna skrubu ya kukaza hapo. Kinachobadilishwa ni kisahani chenyewe, kinene kwa chembamba. Fundi ana kopo la maziwa lililojaa visahani alivyovikusanya kutoka injini zilizokufa, anavipima kimoja kimoja kwa mikrometa, anaandika namba ubaoni kwa chaki, anapiga hesabu ya kutoa, na kisahani kilichotolewa kwenye silinda ya kwanza mara nyingine kinapata kazi kwenye silinda ya tatu. Spea mpya zipo Dar es Salaam, lakini hesabu nzuri inazipunguza. Vali nane, na kila moja inapimwa mara mbili. Kijana anayejifunza anasimama karibu na kunyamaza, kazi yake ni kuzungusha kranki anapoambiwa na kuacha anapoambiwa.

Mkanda wa taimingi ukiwa umefikisha kilomita 100,000, au kama hakuna anayekumbuka ulifungwa lini, unabadilishwa bila mjadala. Ukikatika njiani kati ya Nachingwea na Liwale, pistoni zinakutana na vali, na hesabu yote ya visahani imekwenda na maji.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mtu anaijua. Nyuma ya pampu ya dizeli kuna skrubu inayopanga mafuta ya mzigo mkubwa. Ukiizungusha ndani kidogo, gari linaamka papo hapo na mteja anacheka. Fundi mzuri akiigusa, anaigusa kwa kiasi kidogo sana, anawasha, anapanda mlima mmoja akiwa na mzigo, na kuangalia kioo cha nyuma. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kuungua, yaani fedha ya mteja inayotoka kwenye bomba. Mbele ya dereva inaonekana kama nguvu, ndani ya silinda ni pistoni inayoyeyuka polepole. Nimeona magari yakisifiwa kwa moshi huo, na sijawahi kuelewa sifa yake iko wapi.

Upande wa nyuma kuna jambo ambalo hata mafundi wa mijini hulisahau. Ili pikapu ibebe zaidi, watu huongeza majani ya springi, na gari linanyanyuka. Hilux nyingi zina vali ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, yenye fimbo inayoshuka hadi ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka, vali hufungulia breki za nyuma zikamate kwa nguvu, bodi ikiwa juu, huzipunguza zisijifunge. Sasa ukiongeza majani mawili, bodi haishuki hata ukipakia tani nzima, vali inaamini gari ni tupu, na breki za nyuma zinakamata nusunusu ukiteremka na shehena ya ufuta. Fundi anayejua kazi anatengeneza kipande cha chuma, anakichomelea na kuinua mahali fimbo inaposhikiziwa kwenye ekseli, kisha anajaribu breki akiwa na mzigo na akiwa hana. Chuma chenyewe hakizidi urefu wa kidole. Hakuna mteja aliyewahi kukiulizia, na ndicho kinachomrudisha nyumbani.

Hali ni hiyohiyo kwa altaneta. Ya injini hizi ina pampu ya upepo mgongoni, na upepo huo ndio unaosaidia mguu kukanyaga breki. Mwenye haraka akifungiwa altaneta ya gari la petroli kwa sababu ni rahisi, taa zitawaka vizuri kabisa na pedali itakuwa ngumu kama jiwe.

Nachingwea iliwahi kuona mashine zilizogeuzwa kwa namna nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Kusini. Kwa kuwa matrekta hayakutosha baada ya vita, kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya Sherman, ikavivua mizinga na kuvifanya matrekta yaliyoitwa Shervick. Ilikuwa ubunifu wa kweli, sitaki kuudharau. Lakini waliovigeuza walikuwa Uingereza, na udongo na visiki vilikuwa Tanganyika. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962, na tangu hapo mazao ya huku yanategemea magurudumu ya mpira.

Ndiyo maana ratiba ya mafundi hawa inafuata mazao. Kabla ya ufuta kuvunwa katikati ya mwaka, na tena kabla korosho hazijaanza kuanguka kuelekea Oktoba, magari yanapanga foleni. Mzigo unatoka shambani kwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kisha unaingia kwenye minada ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale zikiwa zimeunganishwa. Pikapu iliyolala msimu imemla mwenyewe. Msimu ukiisha ndipo fundi anapata nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu, labda iwe siku timu ya soka ya Namungo inacheza Ruangwa. Siku hiyo usimtafute.

Sisemi wote wako hivyo. Wapo wanaomwaga oili chafu palepale chini ya mkorosho, wapo wanaokaza bolti za hedi kwa kukisia na kuilaumu gasketi. Hata huyo wa rejeta hakuwa na haraka ya kurudisha simu. Lakini mwezi mmoja baada ya kazi ile nilimuuliza mwenye gari kama amefungiwa tabo. Alikuwa amewekewa 3L kuukuu iliyopimwa vali, rejeta iliyosafishwa na kile chuma cha kidole. Tabo, alisema, amesahau kuiulizia.

Ukifanya kama yeye, kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Peleka karatasi za injini mpya TRA ubadilishiwe kadi, kabla trafiki hajakuomba ufungue boneti.