Kambi ya Kurudi

Kitabu kilichonipeleka Mlima Kenya nilikinunua kwa shilingi 150 Embu mjini, kwa jamaa anayeuza vitabu vya mitumba karibu na steji. Jalada lilikuwa limeng'oka. Ilikuwa miezi minne tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu, na nyumbani Meru bado walidhani nasoma. Kila mama alipopiga simu, tumbo lilinikata.

Kinaitwa No Picnic on Mount Kenya, cha Mwitaliano Felice Benuzzi. Kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 1947, kisha kwa Kiingereza mwaka 1952. Kisa chake nilikuwa nimeshakisikia kanisani, kwa mhamasishaji mmoja mwenye suti ya kubana. Alituambia wafungwa watatu walitoroka, wakaishinda hofu, wakafika kileleni. Basi na wewe kijana, ishinde yako! Tulipiga makofi. Kumbe yule jamaa hakuwa amekisoma kitabu.

Kisa chenyewe ni hiki. Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza, Nanyuki. Siku moja mawingu yakafunguka, akauona mlima. Yeye na daktari Giovanni Balletto, na baadaye Vincenzo Barsotti, wakaanza kujiandaa kwa siri. Kamba walizitoa kwenye vitanda vya kambi. Nyundo zikageuzwa mashoka ya barafu, na vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Ramani hawakuwa nayo, ila picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Januari 1943 wakatoroka.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mhamasishaji aliiruka. Benuzzi na Balletto walijaribu kupanda Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199, wakashindwa. Theluji iliwapiga, chakula kilikuwa karibu kuisha, wakageuka. Tarehe 6 Februari walifika Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera ya Italia. Barsotti alikuwa mgonjwa, hakufika kilele chochote. Halafu wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa, wakatumikia saba.

Ukikisoma polepole, utaona hofu haishindwi popote. Wanaogopa kukamatwa wakati wa kutoka, wanaogopa wanyama msituni, wanaogopa mwamba. Inabadilika sura tu. Kurasa ninazozipenda zaidi ni zile za maandalizi, kabla hata hawajatoroka. Kambini siku zote zilifanana, na mtu alikuwa anaoza akiwa hai. Wakipata msumari, wana kazi. Wakificha biskuti, wana kesho. Hapo ndipo nilipojiona, mimi niliyekuwa nikilala hadi saa sita mchana kwenye chumba cha kupanga, nikiandikia watu makala za mtandaoni za shilingi mia tatu.

Nikaweka akiba, nikaenda Chogoria, mji mdogo kwenye barabara ya Embu–Meru, nikaungana na vijana wengine wanne na mzee mmoja wa kutuongoza. Siku ya pili tulipita Ziwa Ellis. Siku ya tatu, juu ya bonde ambamo Ziwa Michaelson limelala chini kabisa, kichwa kilianza kunipasuka na nikatapika uji wote. Nilisema niko sawa. Mzee akanitazama macho.

"Kijana, mlima hauhami. Tushuke."

"Mzee, nimetumia pesa zangu zote."

"Pesa utatafuta zingine."

Tukashuka. Nililia njiani, si kwa uchungu wa kichwa.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kumsamehe Benuzzi. La kwanza, anaandika kuhusu uhuru kana kwamba ni wa kwake peke yake. Kabla ya kushikwa alikuwa ofisa wa Italia katika Ethiopia iliyokaliwa kwa nguvu. Na watu wa mlima huu, ambao Wameru huuita Kirimara, hupita pembeni mwa kitabu, wengi wao wakiwa askari wa kambi au macho ya kukwepa. Miaka 20 baadaye, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huo huo. Kitabu cha Benuzzi nimekipata kwenye mitumba. Habari za Munyao nimeziokota vipande vipande.

La pili linanihusu zaidi. Benuzzi aliweza kugeuka kwa sababu alikuwa na mahali pa kurudi. Kambi ilikuwa jela, lakini ilikuwa na kitanda, na mkuu wake aliuona ule utoro kama mchezo wa kishujaa, akampunguzia adhabu. Sisi tulioacha chuo, nani atatupunguzia? Kitabu hakina jibu, na sidhani kama Benuzzi aliwahi kuhitaji kujiuliza.

Pamoja na hayo, kisome. Ukikutana na mtu anayekitumia kukuuzia ushindi, muulize kuhusu Batian.

Nilipofika Chogoria nilimpigia mama kabla matatu haijajaa. Nilimwambia kwamba niliacha chuo Mei. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akauliza, "Na sasa uko wapi?" Nikamwambia niko njiani kuja nyumbani. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko kule juu.