Wino wa Kahawia

Kabla ya kuonyeshwa mchoro wowote, mhifadhi chipukizi huambiwa akanawe mikono. Aliyetarajia glavu nyeupe za kwenye sinema hushangaa: kwa karatasi, mara nyingi vidole safi na vikavu ni salama zaidi, kwa kuwa huhisi pale ilipodhoofika. Kalamu ya wino huachwa mlangoni. Penseli tu.

Kazi hii hufanyika katika makumbusho ya vyuo vikuu kama Harvard, ambako mwaka 2017 George Abrams alitoa michoro 330 ya Waholanzi na majirani zao wa Flanders, kutoka mkusanyo alioujenga na marehemu mkewe, Maida. Michoro ya aina hiyo hulala masandukuni gizani, maana mwanga huichakaza. Ikitundikwa ni kwa miezi michache, chini ya taa hafifu. Anayekaa nayo siku zote ni huyu kijana.

Anaanza na wino. Wapo wachoraji waliotumia masizi ya kuni yaliyokwanguliwa dohanini, na wapo waliotumia vinundu vya mti wa mwaloni vilivyochanganywa na chumvi ya chuma na gundi. Huu wa pili mwanzoni ulikuwa mweusi. Miaka ikaugeuza kahawia, na penye mstari mzito ukaitafuna karatasi hata ikatoboka. Ule wa masizi ulizaliwa kahawia. Leo ukiuweka mmoja kando ya mwingine, jicho peke yake laweza kudanganyika, ndiyo maana katalogi huandika tu "wino wa kahawia". Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza niliyaona ya kivivu. Siku hizi nayaona ya kiungwana.

Kisha karatasi hugeuzwa. Huko nyuma, na pembeni chini, kuna mihuri midogo ya waliowahi kuumiliki mchoro. Mholanzi Frits Lugt aliikusanya mihuri hiyo katika kitabu mwaka 1921, akaipa namba; ukiona L. 2364, basi mchoro ulipita mikononi mwa Joshua Reynolds, mchoraji wa Uingereza. Karatasi ikiinuliwa mbele ya taa, hutokea alama ya maji, pengine kichwa cha mchekeshaji mwenye kofia ya njuga, na mistari ya waya za kiunzi ilimofinyangwa.

Mtihani mkubwa ni Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Miaka ya 1650 alipenda kalamu ya tete, ndugu ya ile iliyoandikiwa herufi za Kiarabu katika vyuo vya pwani yetu: ncha nene, wino unakaukia njiani, mstari unaishia mikwaruzo. Tatizo ni kwamba wanafunzi wake walimwiga kwa ruhusa yake, na wengine walimwiga vizuri mno. Otto Benesch, mtafiti wa michoro hiyo, katika juzuu 6 zilizotoka kuanzia 1954, alimhesabia Rembrandt michoro takriban 1,400. Katalogi ya Peter Schatborn ya mwaka 2019 ilibakisha kama nusu yake. Karatasi hazikuchomwa, zilibadilishiwa jina tu.

Kwa hiyo kijana hukaa juma zima na mchoro wa mti mmoja na kibanda, analinganisha, anauliza wakubwa, anarudi. Jioni ya Ijumaa anaandika pembezoni mwa kadi ya kubandikia: mwanafunzi wa Rembrandt, kisha alama ya kuuliza. Anaandika kwa penseli, kwa mkono mwepesi, ili atakayekuja baada yake asipate taabu kufuta.