Ajizi si Uvivu: Tahakiki ya Methali Moja kwa Mizani ya Butembo na Beni

Methali isemayo "Ajizi ni nyumba ya njaa" ni miongoni mwa zile zinazofahamika zaidi kwa wanafunzi wa Kiswahili. Ufafanuzi wake hutolewa kwa namna moja: mvivu hufa njaa. Hivyo njaa huchukuliwa kuwa ushahidi wa tabia mbaya. Dhidi ya msimamo huo imezuka hoja kwamba uvivu haupo kabisa, na kwamba kinachoitwa uvivu ni uchovu unaozalishwa na mfumo wa kibepari. Makala haya yanazipima hoja zote mbili kwa kuchunguza lugha yenyewe, na kwa kuzingatia hali ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini.

Kwanza litazamwe neno. "Ajizi" limetokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake lina maana ya kushindwa au kukosa uwezo. Katika dua mashuhuri iliyopokewa kutoka kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), muumini huomba kukingwa na ajizi na uvivu, vikiwa ni vitu viwili mbalimbali: cha kwanza ni kutoweza, cha pili ni kutotaka ilhali uwezo upo. Kiswahili kililipokea neno la kwanza, kisha kikalivika maana ya la pili. Neno "lofa" limesafiri kinyume chake. Katika Kiingereza lilikotoka ni mtu apotezaye wakati bure. Katika Kiswahili limekuwa mtu asiye na kazi wala kipato. Kwa hiyo asiyeweza amegeuzwa kuwa mvivu, na aliyeitwa mvivu amebainika kuwa hana kazi.

Katika Kongo ya Wabelgiji mkanganyo huo haukuwa wa kamusi tu. Sheria ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoamriwa na serikali kwa siku 60 kila mwaka. Mnamo 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siku hizo zilifikishwa 120. Shuruti hiyo ilitetewa kuwa ni mafunzo kwa watu wasiopenda kazi. Sanaa nayo iliunga mkono. Katika hadithi ya picha ya Hergé juu ya safari ya Tintin nchini Kongo, iliyochapishwa kwanza mwaka 1930 na 1931, Wakongo wanakaripiwa kando ya garimoshi lililoanguka, na mmoja anajitetea kwamba amechoka. Msanii alikusudia jibu hilo lichekeshe. Lakini msomaji anayezijua zile siku 60 atalipokea kama ushuhuda. Syed Hussein Alatas, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu Wamalei, Wafilipino na Wajava, alionesha jambo la jinsi hiyo: mwenyeji aliitwa mvivu alipokataa kazi ya mkoloni, hata kama alifanya kazi yake mwenyewe kwa bidii.

Butembo ni mahali pazuri pa kuijaribia hoja hii, kwa sababu mji huo unasifika kwa bidii. Wafanyabiashara wake Wanande wameandikwa na wataalamu, akiwemo Janet MacGaffey mwaka 1987, kuwa mfano wa watu walioinuka kwa biashara huku dola la Zaire likididimia. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ina kivuli chake. Mahali ambapo utajiri wa wachache huelezwa kwa bidii yao, umaskini wa wengi huelezwa kwa urahisi kuwa ni uvivu. Msukuma chukudu anayepandisha mzigo mlimani, na mwanamke anayebeba kuni mgongoni, hawana upungufu wa bidii.

Beni inaidhihirisha ajizi katika maana yake ya asili. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo hilo, mengi yakihusishwa na kundi la ADF, yamewafukuza wakulima mashambani mwao. Mkulima wa kakao wa pande za Mbau au Oicha anayekaa mjini akingoja kibarua ana nguvu, ana ujuzi, na pengine shamba lake limezaa. Asichonacho ni njia salama ya kulifikia. Kwake yeye methali ni kweli neno kwa neno: kutoweza kumekuwa nyumba ya njaa. Kumwita mvivu ni kumhukumu kwa kosa la aliyemfukuza.

Hata hivyo, hoja ya pili nayo ina upungufu. Dhana ya uchovu wa kazi ilienezwa na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger huko New York mwaka 1974, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliifafanua kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Dhana hiyo ilijengwa juu ya mtu mwenye ajira. Mkulima wa Beni hana mwajiri, na kilichomsimamisha ni hofu ya kuuawa. Kuueleza mkasa wake kwa jina la ubepari pekee ni kumvika vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mwingine.

Tena, kudai kwamba uvivu haupo ni kuwanyima haki wale wanaobebeshwa kazi ya wengine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini Tanzania walifanya kazi kupita wote, huku wanaume wengi wakipumzika. Huo ulikuwa uvivu wa kweli, kwani mapumziko ya mmoja yalilipwa kwa jasho la mwingine. Kwa kipimo hicho, hata askari anayetoza fedha kizuizini na tajiri anayeishi kwa migongo ya vibarua yafaa waulizwe swali linaloulizwa maskini.

Basi uvivu upo, lakini hautambulikani kwa kumtazama aliyeketi. Hutambulikana kwa kuuliza kama aliweza kusimama, na ni nani aliyeubeba mzigo wake alipokuwa ameketi. Mwalimu anayeifundisha methali hii hana budi kuwarudishia wanafunzi maana yake ya kwanza, ili wanapoiona nyumba ya njaa waulize kwanza ni nani aliyeijenga.