Kura Tatu Katika Vitabu Viwili

Habari za siasa huandikwa kwanza na waliokuwa jukwaani. Waliosimama uwanjani huchelewa kuulizwa. Jambo hili ladhihirika katika vitabu viwili vinavyogusa uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959.

Sheria ya uchaguzi huo ilimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Haki ya kura nayo ilitaka elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo maalumu. Januari 1958, mkutanoni Tabora, Julius Nyerere aliwasihi wanachama wa TANU washiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akaunda chama chake. Walakini sheria iliyowagawa watu kwa rangi iligeuzwa kuwa njia ya kuwaunganisha. Nyerere wa Butiama, Amir Jamal wa Mwanza na Derek Bryceson aliyezaliwa China, wote wazaliwa wa 1922, waliingia Barazani kwa nguvu ya TANU, ingawa uanachama wake wakati huo ulikuwa wa Waafrika peke yao.

Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia aliyechaguliwa katika uchaguzi huo kwa msaada wa TANU, aliandika The Tanganyika Way (1961). Thamani ya kitabu hiki ni ushuhuda wa mtu aliyekuwamo. Upungufu wake watoka papo hapo: mgombea huuona umati kuliko mtu mmoja mmoja. Susan Geiger, katika TANU Women (1997), alikwenda kwa wanawake wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Alionyesha jinsi vikundi vya ngoma, vilivyokwisha kuchanganya makabila, vilivyokuwa nguzo ya chama pamoja na Bibi Titi Mohamed. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shule. Yaani walikusanya watu kwa ajili ya kura ambayo sheria ya darasa la nane haikuwahesabia.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza hakitoshi bila cha pili. Wala cha pili si mwisho wa kazi. Butiama hutajwa kwa ajili ya mtu mmoja. Bugwema na vijiji vya Bunda havitajwi. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1958 sasa amepita themanini na mitano. Wanafunzi wajuao lugha za huko wafanye haraka kumwuliza.